Bahari Mkono wa Kushoto

Kwa miaka yote niliyomjua, Bwana Shamba hakupanda hata mche mmoja. Nyumba yake ilikuwa ghorofa ya tatu pale mtaani Ruwi, juu ya yetu, na roshani yake ilikuwa na kamba ya nguo, ndoo mbili, na mashine ya ubaridi iliyokuwa ikitudondoshea maji sisi wa chini. Mama yangu aliwahi kumpelekea kopo la mche wa asumini, kauotesha mwenyewe kwa taabu katika joto lile la Maskati. Bwana Shamba akashukuru, akaunusa ule mche, na siku ya pili akaurudisha.

"Bustani yangu mimi ishapandwa," akasema. "Sina ya pili."

Mama alinuna wiki nzima. Mimi nilicheka, kwa sababu nilikuwa kijana na niliona mzee ana vituko tu.

Jina la Bwana Shamba alikuja nalo kutoka Unguja. Ujanani mwake alikuwa msimamizi wa bustani ya jumba moja la masultani, nje ya mji, ufukweni, akaifanya kazi hiyo miaka kumi na minne. Mapinduzi yalipokuja akatoka na nguo alizovaa, kama walivyotoka wazee wetu wengi, akatangatanga, mwisho akaishia Oman, karani wa ghala katika wizara moja, kazi yake kupokea na kutoa matairi na makasha ya sabuni. Nilipopata akili za kumjua, mwishoni mwa miaka ya themanini, alikwisha kustaafu. Lakini hakuna aliyemwita karani. Hata Wahindi wa duka la chini walimwita "Bwansamba," wakidhani ndilo jina alilopewa na babake.

Alitaka kitu kimoja tu duniani, na alikisema waziwazi kwa yeyote aliyekaa naye zaidi ya nusu saa: bustani ile iandikwe, na majengo yake, sawasawa, kila kitu pahala pake, kabla hajafa. Wenziwe waliofanya naye kazi walikwisha kufa wote. Jumba lenyewe lilikuwa limebaki gofu. "Nikifa mimi," alikuwa akisema, "patabaki mawe na watu wa kuzua." Hayo ya kuzua aliyachukia kuliko kufa kwenyewe.

Na kweli Maskati ilikuwa na wazuaji, usiniambie. Kwenye harusi zetu, wazee wakishakunywa kahawa, kila mmoja huko Unguja alikuwa na mashamba mpaka macho hayafiki, na kila bibi alikuwa akiingia kasri la Sultani bila kubisha hodi. Bwana Shamba alikuwa akikaa pembeni na fimbo yake, anasikiliza, halafu anapiga.

"Karafuu elfu ngapi, umesema? Yakhe, nnalijua shamba lenu. Lilikuwa la muhogo. Na muhogo wenyewe ulikuwa mchungu."

Watu wakicheka mpaka wakamwaga kahawa. Aliyepigwa hamsemeshi mwaka mzima, na Bwana Shamba hajali. Yeye mwenyewe hakujikweza hata kidogo. Ukimwita mtu wa kasri anakukatiza palepale: "Mimi nlikuwa mfanyakazi. Nlikuwa naingia kwa mlango wa nyuma, na miguu nnapangusa." Lakini mtu huyohuyo, ukikosea ukasema banda la farasi lilikuwa na milango minne, anakasirika kama umemtukania mama. Ilikuwa miwili. Miwili, na wa pili ulikuwa haufungiki.

Alikuwa na ugomvi wa kudumu na maua ya barabarani. Serikali ilikuwa ikipanda maua katika mizunguko yote ya mji, mekundu na meupe, na Wabangali wenye fulana za manjano wakiyamwagilia. Bwana Shamba akivuka barabara, kanzu kaikunja mkononi, magari yanampigia honi, anawaendea.

"Maji adhuhuri! Mnayapika hayo! Mnayachemsha!" Kiswahili, Kiarabu, Kihindi cha dukani, vyote kwa pamoja.

Wale wafanyakazi kwanza walimcheka. Halafu wakamwogopa. Halafu, wallahi, wakawa wanamngoja, na mmoja wao akamwekea kiti cha plastiki chini ya kivuli cha bango. Mkewe, ambaye sisi watoto wa jengo tulimwita Bi wa Juu, alikuwa anamchungulia kutoka roshani na kupiga kelele: "Rudi bwana we, utagongwa kwa maua ya watu!" Sijui wengine walimpenda kwa lipi. Mimi nilimpenda kwa hilo.

Historia ya bustani aliisimulia kwa mpango mmoja, na hakuruhusu uruke.

"Kwanza halikuwa jumba," ndivyo alivyoanza kila mara. "Kwanza palikuwa uwanja wa kuanikia karafuu, na kisima. Kisima ndicho kikubwa. Sultani yule wa mwanzo hakupenda pahala, kapenda maji." Halafu likaja jumba la mawe na boriti, ghorofa mbili, baraza limezunguka pande zote. Halafu hammamu la kuogea wanawake wa kasri, lenye makuba matatu, na kila kuba limetobolewa matundu ya nyota ili mwanga uingie na macho ya watu yasiingie. Halafu birika, ambamo watoto wa kasri walifundishwa kuogelea, na maji yake yalikuja kwa mfereji wa mawe kutoka kisimani. Akaja Sultani mwengine hapendi mawe, akaagiza mbao Bara Hindi, akajenga kibanda cha kahawa chenye nakshi mpaka darini. Kiliungua siku ya Idi kwa makaa ya kahawa yenyewe. Akaja mwengine akaleta mawaridi ya Ulaya, mamia, na yote yakafa.

"Waridi halitaki chumvi ya bahari," alisema Bwana Shamba, "lakini nani wa kwenda kumwambia Sultani? Tukiling'oa lililokufa usiku wa kuamkia ziara, tukitia jengine. Akija anaona mawaridi. Miaka mitatu tumemdanganya hivyo. Hiyo nayo iandike. Usiniandikie mazuri peke yake."

Majengo aliyazungumza kama jamaa zake. Hammamu lilikuwa na kikohozi, maana bomba lake lilikuwa likikoroma kabla maji hayajatoka. Jumba kubwa lilikuwa na kiburi. Birika lilikuwa na subira. Ukimsikiliza unasahau kwamba yuko Ruwi, chini kuna duka la simu na mkabala kuna benki, na kwamba mwenyewe haoni. Ndiyo, nilikuwa sijasema. Presha ya macho ilimla taratibu. Kufikia katikati ya miaka ya tisini alikuwa anaona mwanga na kivuli, basi.

Sasa nifike kwangu, maana nimekuwa nikizunguka.

Ofisi moja pale mjini ilikuwa inatayarisha kitabu kikubwa cha majumba ya masultani, ya Oman na ya Unguja. Waliulizia watu wenye kumbukumbu. Mama yangu akamtaja Bwana Shamba, na ofisi ikasema iko tayari kupokea maelezo yake, yawe yamepigwa taipu, pamoja na ramani ya bustani inayoonyesha majengo yote. Mimi nilikuwa mpiga taipu kwenye kampuni ya bima. Nilisoma vizuri, nilichora vizuri, na nilijiona nnajua kila kitu. Nikapanda ghorofa moja, nikabisha hodi, nikasema: "Bwana Shamba, nitakuandikia mimi."

Alilia. Mzee yule mkali, akalia mbele yangu na mbele ya mkewe, akajifuta kwa kofia.

Tukakaa kila Alkhamisi baada ya Alasiri, miezi minne. Mimi na daftari langu na karatasi ya miraba, yeye na kahawa yake. Akifumba macho yale yasiyoona, anakwenda kule, na mimi naandika anayoyaona. Na alivyosema ni kama wanavyosema wazee wote wa Unguja: hawasemi kaskazini. Wanasema upande wa kibla.

"Simama kwenye ngazi za jumba kubwa. Elekea kibla. Bahari ipo mkono wa kushoto. Umeiona?"

"Nimeiona, Bwana Shamba."

"Basi upande wa kibla, hatua arubaini, birika."

Nikachora. Mimi nimezaliwa Maskati. Kibla nnakijua tangu nna miaka mitano: ni kule linakotua jua, magharibi. Nikaweka birika magharibi. Bahari, mkono wa kushoto wa mtu aliyeelekea magharibi, nikaiweka kusini. Karatasi yangu ilikuwa safi, mistari imenyooka, na nilijipenda.

Alkhamisi ya pili ndipo mambo yakaanza kugongana.

"Hammamu lipo upande wa machweo," akasema, "karibu na bahari. Wanawake walipenda kulitazama jua likitua majini, kupitia mlango wa nyuma."

Nikaangalia karatasi. Machweo, yaani magharibi, nilikwisha kuweka birika.

"Bwana Shamba, hapo pana birika."

"Hapana birika hapo. Birika lipo kibla."

"Ndiyo, kibla. Ni hapo hapo."

"Si hapo hapo! Kati ya birika na hammamu unalizunguka jumba!"

"Na jua, Bwana Shamba, halitui baharini. Bahari ipo kusini."

"Nani kasema kusini?"

"Wewe. Umesema ukielekea kibla, ipo mkono wa kushoto."

Akainuka, akapapasa mpaka kwenye msala wake uliokuwa umetandikwa, akasimama juu yake kama anataka kusali, akaunyoosha mkono wa kushoto. Mkono ukaelekea dirishani, upande wa mtaa wa Wadi Kabir. Kusini, sawasawa kabisa. Akausimamisha vile kwa muda mrefu.

"Lakini mimi nimeliona," akasema polepole. "Jua. Nimeliona likitua majini miaka kumi na minne."

Nikamwonea huruma. Nimezikumbuka huruma zangu za siku ile mara nyingi, na kila nikizikumbuka najiona mjinga wa mwisho. Niliona mzee kachoka, akili zinamcheza, na kazi yangu ni kumsitiri. Nikamwambia kwa sauti ile ya upole wanayopewa wagonjwa: "Si kitu, Bwana Shamba. Nitatengeneza." Nikalisogeza birika mbele kidogo ili hammamu lipate nafasi. Jua nikaliacha kando, sikuliandika kabisa. Kila alipogongana na karatasi yangu nikamtengeneza yeye, nikaiacha karatasi. Banda la farasi nikalipeleka pengine. Kisima nikakibana ukutani.

Tukamaliza kibla, tukamaliza machweo, tukamaliza kusini. Upande wa macheo aliuweka mwisho, kwa makusudi. "Huko tutamalizia," alisema. "Huko kuna kitu hamna picha yake pahala popote. Utamu tuuweke mwisho." Lakini ofisi ikawa na haraka, ikasema tupeleke tulichonacho, sehemu ya mwisho itafuata. Nikapeleka.

Jawabu lilikuja baada ya mwezi. Barua ya Kiarabu, ya heshima, yenye salamu ndefu. Nilimsomea mimi mwenyewe, kwa sababu nilidhani ni ya shukurani na nilianza kusoma kabla sijaipitia. Waliandika kwamba mtaalamu wao wa majengo ameyapitia maelezo na ramani, na kwamba, pamoja na kumtakia mzee afya njema, habari zake zinapingana zenyewe kwa zenyewe, bahari iko pasipokuwa bahari, na majengo yamewekwa mahala ambapo hayakuweza kuwapo. Wanasikitika hawataweza kuzitumia.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Bahari iko pasipokuwa bahari," akasema yeye. Hakukasirika. Laiti angekasirika. Akauliza: "Mtaalamu huyo, msomi?"

"Msomi, Bwana Shamba."

"Basi anajua."

Toka siku ile hakuitaja tena bustani. Nilipokwenda Alkhamisi iliyofuata nikitaka tuendelee na upande wa macheo, alinikaribisha kahawa, akaniuliza khabari za kazini, nilipofungua daftari akalifunga kwa kiganja. "Khalas, mwanangu. Tusijaze watu uongo."

Na hakuishia kwenye bustani. Hilo ndilo nililokuwa sikulitegemea. Mtu ambaye alikuwa na uhakika wa mlango usiofungika wa banda la farasi akaanza kukosa uhakika wa kila kitu. Akimaliza kusali anamuuliza mkewe: nimesali rakaa ngapi? Akila anauliza: nimekula? Siku moja Bi wa Juu alishuka kwetu kuomba limau, akakaa jikoni na mama, hakuondoka, na mwisho akasema kwa sauti ndogo: "Jana kaniuliza kama kweli ni mimi niliyetoka naye Unguja. Nikamwambia, ni nani mwengine? Akanambia, mimi sijui, niambie wewe, mimi nnakosea." Mama akamshika mkono. Mimi nilikuwa nakata vitunguu, nikapata kisingizio cha machozi.

Alikwenda harusi moja baada ya hapo, ya jamaa zetu, kwenye ukumbi karibu na mtaa wa Bustan. Mzee mmoja, mzuaji mashuhuri, akawa anasimulia kwamba jumba lile lilikuwa na simba wawili wa marumaru mlangoni, na chemchemi inayotoa maji ya waridi. Watu wote wakageuka kumtazama Bwana Shamba, wakisubiri apige. Tulikuwa tumeshajiandaa kucheka.

"Huenda," akasema.

Neno hilo moja. Nilitoka nje nikasimama penye magari.

Hata kwenye mzunguko wa maua hakuenda tena. Kile kiti cha plastiki kilibaki pale, Mbangali yule akakiondoa, akakirudisha, mwisho akakichukua.

Nilijiambia maneno yote ambayo mtu hujiambia. Mzee keshazeeka. Macho yamekufa na kumbukumbu imefuata. Nilifanya wema wangu, haukufaulu. Nikaolewa, nikahamia mtaa wa Qurum, nikawa naja Ruwi Ijumaa kwa mama na kupanda juu dakika kumi kusalimia. Dakika kumi, kwa mtu aliyekaa na mimi miezi minne.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikwenda Unguja kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, mimi na mama, kwenye harusi ya binti wa khalati, ndugu wa mama yangu. Siku ya tatu nikakodi gari peke yangu, nikaenda kwenye lile gofu. Sikwenda kutafuta kitu. Nilitaka tu kuona alipofanyia kazi. Ramani yangu nilikuwa nayo mkobani.

Nilisimama kwenye ngazi za jumba kubwa, zilizobaki nusu, na sikuelewa chochote. Karatasi ilikuwa inasema kitu, macho yanaona kingine. Nikasema moyoni: basi kweli, mzee alichanganyikiwa. Mama mmoja alikuwa anachunga mbuzi ndani ya uwanja. Adhuhuri ilikuwa imeingia, nikamwomba pahala pa kusali. Akatandika kanga yake pale pale barazani, akanionyesha kwa kidole.

"Kibla huku, dada."

"Wapi?"

"Huku. Kaskazini. Wapi tena?"

Nilimtazama kama aliyenizaba kofi. Nikasimama juu ya kanga, nikaelekea alikonionyesha. Bahari ilikuwa mkono wangu wa kushoto.

Sikuweza kusali. Nilishuka zile ngazi, nikahesabu hatua arubaini nikielekea kibla, nikafika kwenye birika. Limejaa magugu, pembe moja imebomoka, lakini ni birika, na mfereji wake wa mawe unaingia humo kutoka kisimani. Nikarudi, nikazunguka jumba upande wa machweo, na pale, karibu na maji, makuba matatu, mawili yamesimama na moja limeanguka, yametobolewa nyota. Kila kitu. Kila kitu kilikuwa pale pale alipokisema. Maka iko kaskazini ya Unguja na iko magharibi ya Maskati, mtoto wa chuoni analijua hilo, na mimi sikuliwaza. Yeye alifumba macho akawa Unguja. Mimi nilibaki Ruwi na rula yangu. Hata alipopanda kwenye msala kujihakikishia, msala wenyewe ulikuwa wa Maskati.

Nilikaa juu ya ukingo wa birika nikalia, na yule mama wa mbuzi akaniletea maji ya kunywa akidhani nimefiwa. Nikangoja mpaka jioni. Jua likatua majini, mbele ya mlango wa nyuma wa hammamu.

Niliporudi Maskati sikupitia nyumbani. Kutoka uwanja wa ndege moja kwa moja Ruwi, nikapanda mpaka ghorofa ya tatu. Bi wa Juu alinifungulia, akaona uso wangu, akaniambia tu: "Yupo macho."

Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, amekwisha, mifupa na kanzu. Nikapiga magoti nikambusu mkono.

"Bwana Shamba, nimetoka Unguja. Nimefika kwenye bustani."

Akageuza sikio upande wangu.

"Ulikuwa sawa. Mimi ndiye niliyekosea." Nikamweleza yote, kibla cha kule na kibla cha hapa, karatasi, barua, pole pole, mara mbili.

"Birika?" akasema mwisho.

"Lipo. Hatua arubaini."

"Hammamu?"

"Lipo. Kuba moja limeanguka."

"Lipi?"

"La karibu na bahari."

Akatikisa kichwa, kama anayeambiwa maradhi ya jamaa. "Lilikuwa na ufa hilo. Na jua?"

"Linatua majini, Bwana Shamba. Nimeliona."

Bi wa Juu alijifunika uso kwa buibui lake. Bwana Shamba midomo ikamcheza, nikadhani anasoma dua.

"Miaka sita," akasema. "Miaka sita, kila sala, nnamwomba Mungu msamaha kwa kuwadanganya watu."

"Nisamehe."

Hakusema amenisamehe. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu watu nikiwasimulia hunikatiza hapo wakidhani alinikumbatia. Alisema: "Una kalamu?"

"Ninayo."

"Andika. Upande wa macheo."

Nikafungua daftari lile lile, ukurasa ulioachwa wazi. Akainua mkono wake wa kulia, akaunyoosha mbele, kidole kikionyesha, na uso wake ukawa ule wa zamani, ule wa kwenye harusi.

"Ukipita banda la farasi, ukishavuka mfereji, hatua ishirini na mbili, palikuwa na..."

Tukangoja. Mkono ulikuwa umenyooka.

"Palikuwa na..."

Chini mtu alikuwa anapiga honi.

"Nlikifukuza," akasema. "Kila kikija, nlikifukuza. Nnakiambia, wewe si kweli, mimi nimekuzua. Kikija usingizini, naamka. Mpaka kikawa hakiji." Akageuza uso upande wangu. "Mwanangu, kilikuwa nini?"

"Hukuniambia, Bwana Shamba. Ulisema tutamalizia."

Bi wa Juu akaushika ule mkono, akaushusha taratibu, akauweka mapajani pake. Nikamtazama yeye, naye akatikisa kichwa. Hakujua. Hakupata kuingia bustani ile hata siku moja.

Bwana Shamba alikuwa ametega sikio, anaisikiliza kalamu. Kipofu huisikia kalamu iliyosimama. Ikabidi niandike, na sikuthubutu tena kumtengenezea kitu. Niliandika: Upande wa macheo, ukivuka mfereji, hatua ishirini na mbili, palikuwa na kitu kizuri. Aliyekijua nilimfanya asijiamini, na sasa hakijui mtu.

"Umeandika?" akauliza.

"Nimeandika."

"Nisomee."